Mwaka wa Jezi Moja

Tulipomzika Mama Nduku, mjukuu wake Muli alikuja kutoka ng'ambo akiwa amevaa suti nyeusi, na ndani ya suti, mahali pa shati na tai, jezi ya Kenya. Wazee wa Katelembo waliitazama ile jezi, wakatazamana, wakaamua kwamba ndivyo watu wanavyozika huko majuu. Wakati wa chakula Muli alikuja kukaa nami nyuma ya nyumba, karibu na masufuria, sahani ya pilau ikiwa magotini, akanieleza kwamba mji anaoishi una baridi na watu wake hawasalimiani, lakini kila Jumamosi Wakenya huvaa jezi na kukutana kwenye bustani, hata wale wasiojua mpira unachezwa na watu wangapi. Mtu akiwa mgeni kule, alisema, anavaa tu jezi na kutembea barabarani, na kabla ya jioni atakuwa ameitwa na mwenzake. Kisha akaniuliza kwa upole wa mtoto aliyelelewa vizuri: "Lakini anko, wewe ni Mtanzania na sijawahi kukuona na jezi ya Tanzania hata siku moja. Kwani walikukosea nini?" Nilicheka, nikamwambia jezi haziendani na kitambi. Aliridhika na jibu hilo, akaondoka kwenda kutafuta soda. Mimi nilibaki pale na mfupa wangu wa mbuzi, uso ukiniwaka kama wa kijana aliyekamatwa akidokoa jikoni, wakati mimi ni mtu mwenye mvi na mjukuu.

Habari za nani alinizaa na nani alinilea nitaziacha. Hazikunisaidia chochote mwaka ule na sioni zitatusaidia nini hapa. Inatosha kusema kwamba katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, winga wa kushoto mwenye mbio, na kwamba kanisa letu lilipeleka timu ya vijana Machakos kwenye mashindano ya makanisa ya nchi jirani. Hatukuwa timu ya taifa. Lakini jezi zetu zilikuwa za bluu, na mgongoni, juu ya namba, zilikuwa na neno TANZANIA kwa herufi za njano, kubwa kiasi cha kusomeka kutoka upande wa pili wa uwanja. Enzi zile jezi kama hizo hazikuuzwa dukani. Mtu aliyekuona nayo alijua moja kwa moja kwamba nchi yako imekutuma. Watoto wa Machakos walitukimbilia, akina mama wa kanisa walitupikia wali kana kwamba tumetoka vitani, na mimi nilitembea mjini nikiwa nimegeuza mgongo kwa kila mtu, nisomwe. Siku ya mechi ya pili beki mmoja mnene alinifuata mpaka kwenye kona, tukaangukiana, na mguu wangu ukalia kama bua la mahindi makavu.

Jioni ile Mwalimu Mathayo, kocha wetu, alikuja wodini na machungwa na Biblia. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti nzuri ya kwaya, na sitaki mtu afikiri alikuwa katili. Aliniombea, akanifuta jasho kwa leso yake mwenyewe, akanieleza kwamba kibali chetu cha kusafiria ni kimoja kwa timu nzima na kinaisha kesho, na gari ni la kukodi. Hawezi kulizuia. Lakini nisiwe na wasiwasi. "Jumapili nakuja kukuchukua," alisema, akanishika bega. Hakusema Jumapili ipi. Begi langu lilikuwa tayari limepakiwa na mengine, na liliondoka na gari, nadhani kwa kusahaulika tu. Muuguzi alikuwa ameikata bukta yangu kwa mkasi ili afikie mguu. Kwa hiyo nilibaki katika nchi ya watu na jezi moja namba kumi na moja, na shuka la hospitali.

Jumapili ya kwanza nilimwomba muuguzi anisaidie kuivaa ile jezi, pamoja na plasta na kamba zilizouvuta mguu wangu, nikakaa nimeegemea mto, nikitazama mlango. Wageni waliingia, wakaketi na watu wao, wakatoka. Jumapili iliyofuata nilifanya vivyo hivyo. Iliyofuata tena, muuguzi aliniletea jezi bila kuombwa, akanivalisha bila kunitazama usoni, na hapo ndipo nilipoonja kwa mara ya kwanza aibu ambayo ningeishi nayo mwaka mzima. Kuumwa si aibu, na umaskini nilikuwa nimeuzoea. Nilichoona aibu ni kuonekana na wodi nzima nikiwa nimejiandaa kwa ajili ya watu wasiokuja.

Kitanda cha pili alilala Mzee Kioko, fundi wa paa, aliyeanguka kutoka juu ya nyumba aliyokuwa akiiezeka na kuvunjika paja. Mdomo wake haukuvunjika. Aliniita Tanzania kwa sababu ndivyo nilivyoandikwa, na kila Jumapili jioni aliniuliza kama watu wangu wanakuja kwa miguu. Mke wake, Mama Nduku, alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuja kila mchana na kiondo, na ndani ya kiondo chombo cha chakula kilichofungwa kwa kitambaa. Siku chache alinitazama nikila uji wa hospitali. Kisha siku moja alifungua chombo, akagawa kilichokuwemo mara mbili, akaniwekea sehemu yangu kwenye kifuniko. "Huyu hana mtu," alimwambia mume wake, kwa Kiswahili, ili nami nisikie na nisibishe. Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Nikasema, kwa kutaka kuonyesha kwamba nami nina kwetu, kwamba sisi tunayaita makande. Mzee Kioko alitafuna kwanza. Halafu akasema makande amewahi kuyala huko mpakani, na kwamba ni muthokoi uliopikwa na mtu mwenye haraka. Tulibishana juu ya hilo mpaka taa zilipowashwa, na kwa mara ya kwanza tangu nivunjike nililala bila kuwaza mlango.

Siku waliyomruhusu mzee, na mimi niliruhusiwa pia, kwa maana ya kwamba kitanda kilihitajika. Mama Nduku alimsaidia mume wake kupanda pikapu ya jirani, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na magongo, nimevaa jezi na suruali ya marehemu fulani niliyopewa na muuguzi. Aliniambia nipande. Alisema mzee atahitaji mtu wa kukaa naye mchana yeye akiwa shambani, na kwamba watu wangu wakija hospitali wataambiwa niko Katelembo, si mbali, ni hapo tu barabara ya kwenda Athi River. Alilisema hilo la watu wangu kuja kwa uzito uleule aliotaja nao shamba. Namshukuru mpaka leo kwa vile alivyolisema.

Walinipa chumba cha stoo. Kilikuwa na magunia ya mbaazi mpaka karibu na dari, majembe, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na kitanda alichokitengeneza Mzee Kioko kabla hajaanguka. Harufu ya mbaazi kavu ikikuingia kooni haitoki. Hata sasa nikipita kwenye ghala la nafaka koo hunikauka nikawa kijana tena. Upande mmoja wa chumba ulikuwa ukuta wa mabati tu, na ng'ambo yake ndiko kulikuwa na jiko, kwa hiyo niliamshwa na moto ukipulizwa na kulazwa na masufuria yakisuguliwa. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, ambavyo niliogopa kuviegemea. Kazi yangu na mzee, kila siku, ilikuwa kunyoosha misumari. Alikuwa na debe zima la misumari iliyopinda, iliyong'olewa kwenye mapaa ya watu kwa miaka. Tulikaa kivulini miguu yetu mibovu imenyooshwa mbele, kila mmoja na jiwe lake na nyundo yake, tukigonga. Alinifundisha kwamba msumari uliopinda karibu na kichwa haufai tena, hata ukinyoosheka utapinda palepale. Mengine aliyonifundisha yalikuwa matusi.

Siku za wiki nilivaa mashati ya mzee, yaliyonibana mabegani. Lakini Jumamosi, siku ya kwenda sokoni Machakos, nilivaa jezi. Mama Nduku aliifua kila Alhamisi na kuianika ikiwa imegeuzwa ndani nje, ili jua lisile zile herufi, na hakuwahi kuniuliza kwa nini sivai nguo nyingine. Alijua. Nilitaka nionekane. Machakos ilikuwa na watu wa kila aina, madereva wa malori, wauza vitunguu, watu wa mpakani, na niliamini kwamba kati yao mmoja atakuwa ametoka kwetu, atasoma mgongo wangu na kuniita. Basi nilizunguka soko zima na magongo yangu, polepole, nikisimama mahali palipo na watu wengi, mgongo ukielekea barabarani. Mwanzoni watu walifurahi. Wauza matunda walinipa ndizi, vijana walinitaka niwaambie habari za wachezaji ambao mimi mwenyewe nilikuwa nawasikia redioni tu, na waliposikia ninavyozungumza waliwaita wadogo zao waje wasikie Kiswahili chenyewe. Mtoto mmoja wa shule aliniletea insha yake niisahihishe hapo hapo juu ya gunia la viazi. Nilikuwa mtu.

Kisha miezi ikaenda, na swali likabadilika. Kwanza lilikuwa watakuja lini. Baadaye likawa neno moja tu, kwa sauti ya chini na kwa nia njema kabisa: "Bado?" Aliniuliza mshona viatu, aliniuliza mama wa mboga, aliniuliza hata mlinzi wa benki. Nilijibu kwamba bado kidogo, kuna mambo ya vibali. Siku nyingine nilisema wameniletea habari, wako njiani. Nilipotupa magongo na kuanza kutembea kwa kuchechemea, jibu likazidi kuwa gumu, maana sasa mtu aliweza kuniona na kujiuliza kwa nini huyu, kama ana kwao, asiende. Swali zuri. Sikuwa na karatasi hata moja yenye jina langu, na mpakani wangeniuliza niliingiaje. Lakini hiyo haikuwa sababu yenyewe. Watu walivuka mpaka ule kila siku na mbuzi. Sababu ni kwamba aliyeniacha aliahidi kuja kunichukua, na kama ningerudi mwenyewe nikibisha hodi, ningekuwa nimekubali kwamba hakuna aliyekuwa akija.

Kikamba kiliniingia bila mimi kujua, kwa njia ya masikio tu, kupitia ukuta wa mabati. Asubuhi moja nilikuwa nimelala nikiwasikia Mama Nduku na mume wake wakinywa chai jikoni, na kwa mara ya kwanza maneno hayakupita kama upepo. Nilielewa sentensi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kutafsiriwa na mtu. Mzee Kioko alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuna kiazi, kwamba yule mtoto walimtupa. Hakusema waliniacha. Lugha yao ina neno la kuacha na neno la kutupa, na yeye alichagua la pili. Mama Nduku alimwambia anyamaze, mabati yanapitisha sauti. Mzee akasema hata nikisikia sitaelewa. Nililala pale nikitazama magunia, nikaona heri nisingejifunza. Nilipotoka kunywa chai nilijifanya nimeamka sasa hivi, nikasalimia kwa Kiswahili changu cha Tanzania chenye heshima zote, shikamoo mzee, shikamoo mama, na kwa wiki kadhaa nilijifanya sielewi neno hata moja, ili wao wasione aibu kwa ajili yangu juu ya ile niliyokuwa nayo tayari.

Aliyenimaliza alikuwa Abdi, Msomali aliyekuwa na zizi la mbuzi na ng'ombe pembeni ya mji, ambaye malori yake yalikwenda mpakani kuchukua mifugo. Mzee Kioko alimwezekea ghala zamani, wakawa marafiki wa kutaniana. Abdi alimwagiza dereva wake ampe ujumbe mfanyabiashara wa upande wa pili, naye aupeleke mpaka kanisani kwetu: kijana wenu yuko Katelembo, mguu umepona, njooni. Niliishi na tumaini hilo kama mtu mwenye pipi mdomoni. Jibu lilipofika, Abdi hakulituma kwa mtu. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kochi, akakataa chai, akageuza kofia yake mkononi. Kanisani kwetu, alisema, wanajua kwamba nilitoroka. Ndivyo walivyoambiwa timu iliporudi: kwamba nilipofika Kenya nikaona maisha mazuri, nikaikimbia timu. Wameniombea Jumapili nyingi kama kondoo aliyepotea. "Mimi nawaambia tu vile nimeambiwa," Abdi alisema, na alinitazama haraka kuona kama habari ile ina ukweli. Simlaumu. Hata mimi nilijitazama.

Ungefikiri baada ya hapo ningeitupa ile jezi jikoni iwe kitambaa cha kushikia sufuria. Sikuitupa. Niliendelea kuivaa kila Jumamosi, sasa kwa sababu nyingine, ya kijinga zaidi: niliona kwamba mtu aliyetoroka hawezi kuvaa jina la nchi yake mgongoni mchana kweupe. Lakini mwili haudanganyiki. Zamani nilikuwa nikiuelekeza mgongo barabarani. Sasa nilijikuta nimeuegemeza kwenye kuta. Nilikuwa navaa jina la watu walioniombea msamaha kwa jambo ambalo hata hawakuniuliza kama nililitenda, na bado kila nilipoona gari lenye namba za Tanzania nililifuata kwa macho mpaka lipotee. Ndiyo, niliwapenda. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha mwaka ukageuka, na kanisa la pale mjini likatangaza kwamba mashindano yatafanyika Machakos tena. Nyumba nzima ilipata homa. Mama Nduku alisema sasa watajionea wenyewe kama nilitoroka au nilivunjika, kovu si liko hapa. Siku ya mechi aliipiga jezi pasi ya makaa, akirudia mara mbili kwenye kola. Alichinja kuku asubuhi, kwa sababu baada ya mechi Mwalimu Mathayo na wazee wa timu wangekuja kula kwake. Hilo alikuwa ameshaliamua bila kumuuliza mtu. Majirani wa Katelembo walivaa vizuri kama wanaokwenda harusini, kwa sababu wanakwenda kuonana na watu wa Tanzania. Nao ndio walionivunja moyo zaidi, kwa jinsi walivyonifurahia.

Timu ilikuwa ikivaa viatu chini ya mikaratusi, nyuma ya goli. Niliwatambua wawili watatu. Wengine walikuwa wapya. Jezi zilikuwa zilezile za bluu, zimepauka kuliko yangu, na kati yao alikaa kijana mwembamba mwenye fulana ya bluu ya rangi nyingine, isiyo na neno lolote, imeshonewa vipande vyeupe vya kitambaa kufanya namba kumi na moja. Mwalimu Mathayo aligeuka. Uso wake uliogopa kwanza, kisha ukatabasamu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamsifu Bwana, akaniuliza mguu unaendeleaje, na kabla sijajibu macho yake yalikuwa yameshateremka kifuani kwangu.

"Mungu ni mwema," alisema. "Jezi umeitunza."

Akanieleza kwa sauti ya chini, mkono wake begani kwangu kama siku ile wodini. Mwaka huu waandaaji wamekuwa wakali, mchezaji asiyevaa sare sawa na wenzake haingii uwanjani, timu imewabembeleza tangu asubuhi na wamekataa. Yule kijana ndiye winga pekee waliye naye. "Ni mali ya kanisa, mwanangu. Akina mama walitoa sadaka zao." Hakuwa anadanganya. Nilijua akina mama hao mmoja mmoja. Nikageuka kutazama nyuma. Watu wa Katelembo walikuwa wamejipanga kando ya uwanja, wakitabasamu, wakingoja kuitwa watambulishwe. Hawakuweza kusikia yaliyokuwa yakisemwa. Waliweza kuona tu. Kwa hiyo walichoona ni kwamba nilikutana na watu wangu, tukashikana mikono, nikainua mikono juu na kuivua ile jezi. Niliikunja hata. Nikampa, naye akampa yule kijana, na mimi nikabaki kifua wazi kwenye upepo wa Machakos, mbavu zikihesabika, nisijue mikono niiweke wapi.

Mama Nduku alivuka uwanja peke yake. Alivua leso aliyojifunga mabegani, kanga ya maua mekundu, akanizungushia na kuifunga fundo mbele kama anavyofungwa mtoto anayetoka kuoga. Alimsalimia Mwalimu, akamuuliza habari za safari, akamwambia chakula kiko tayari kwake baada ya mechi. Mwalimu alishukuru sana na kusema wenyeji wa kanisa wameshawaandalia. Ndivyo nilivyotazama mechi, kijana mzima na leso ya mama, kati ya watu wasiojua waangalie wapi. Na hili ndilo sijawahi kumwambia mtu. Kipindi cha pili yule kijana mwembamba alipokea mpira upande wangu wa kushoto, akampita beki, akafunga. Niliruka. Niliruka juu ya mguu mbovu, leso ikipepea, nikapiga kelele Tanzania, Tanzania, na sauti yangu ilikuwa peke yake upande ule wote wa uwanja.

Mwalimu Mathayo alikuja kunitafuta mwishoni, akiwa na furaha ya ushindi. Akaniambia nafasi katika gari ipo, na mpakani atanisemea yeye. Wanaondoka kesho asubuhi. Kuna jambo dogo tu. Kule nyumbani watu wameniombea kwa muda mrefu, na wanajua wanachokijua. Haitakuwa vizuri kuwachanganya. Itabidi nisimame mbele ya kanisa, maneno machache, niseme nilishawishika nikatoroka, na Bwana amenirudisha. Watu watafurahi, wengine watalia, na baada ya hapo hakuna atakayelitaja tena. Nilisema ndiyo. Nilisema kabla hajamaliza, nikamwambia asante.

Kuku wa wageni tulimla sisi. Mama Nduku alikuwa amempika na nazi aliyoiagiza mjini, kwa kusikia kwamba Watanzania wanapenda nazi, na ugali mweupe laini. Mzee Kioko hakutania hata kidogo. Alinichagulia paja, akaniwekea kwenye sahani. Nikawaeleza habari ya gari. Walifurahi, au walijitahidi kufurahi. Kisha nikaeleza na lile jambo dogo, nikilipitisha haraka katikati ya matonge. Mama Nduku aliacha kula.

"Utasema ulitoroka."

Nikamwambia ni maneno tu, Mama, ni dakika mbili.

"Sawa. Na wakiuliza ulitorokea wapi, utasema ni kwa nani?" Hakupandisha sauti. "Mimi nilikutoa hospitali na plasta. Sasa huko mbele ya watu nitakuwa ule mtu alificha mtoto wa wenyewe."

Mzee Kioko alitazama sahani yake. Baadaye Mama Nduku aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na shati jeupe la mume wake la kanisani, lililopigwa pasi, akaliweka juu ya kochi karibu nami. Alisema kwetu ni kwetu, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutaka kwenda kwao. Ila nisisafiri na leso, watu watacheka.

Asubuhi nilivaa lile shati. Nilitoka stoo mapema nikakuta Mama Nduku amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, anapepeta kunde, na hapakuwa na njia nyingine ya kutokea. Aliniona nimevaa. Alisogeza miguu yake upande mmoja ili nipite. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeona aibu kwa ajili ya watu wasiokuja kunichukua, na jana yake nilivuliwa nguo mbele ya kijiji, na yote hayo hayakufikia aibu ya kumwona mama yule akinipisha mlangoni kwake, nikiwa nimevaa shati la mume wake, niende nikaseme kwamba kwake ni mahali nilipotorokea. Na swali la nilitorokea kwa nani ilibidi aliulize yeye. Mimi mwenyewe nisingefikiria. Nilikaa chini pale kizingitini, kwenye nafasi aliyoniachia, nikaona aibu hata kumwambia kwamba siendi. Naye hakuuliza. Baada ya muda gari la Watanzania lilipita barabarani kuelekea Athi River, wakiimba kwa sauti mbili, na tulipokuwa hatulisikii tena Mama Nduku aliweka ungo chini, akaingia ndani kunitengea chai.